Bwana Chafu Juu ya Jiwe

Watu wa machimbo yetu hapa Kariandusi walimcheka kaka yangu wakati wa mvua, na kiangazi kilipofika wakamlilia. Mara zote mbili walikuwa wakitazama picha ile ile. Hakuna kilichobadilika ndani yake, hata unywele mmoja. Nilikuwepo ilipopigwa na nilikuwepo ilipoonyeshwa, na kwa kuwa mdomoni sina maneno mengi, nimeamua kuandika. Naandika polepole. Darasa nililofika si la juu, lakini nilichokiona nilikiona.

Hapa tunachimba udongo mweupe. Ni mwepesi kama unga, na ukiupuliza unabaki hewani mpaka umesahau kwamba uliupuliza. Wanaume huingia katika mashimo yaliyochongwa kwenye genge, na wakitoka jioni wamekuwa weupe tangu nywele hadi kucha. Macho tu ndiyo yanayobaki ya mtu. Kaka yangu hufanya kazi humo ndani. Mimi nashona midomo ya magunia, kazi isiyohitaji mazungumzo, na wanaonizunguka wamezoea kuzungumza kana kwamba mimi pia ni gunia.

Mwaka ule kaka yangu alikuwa amechumbia binti wa nyapara wetu. Nyapara ni mzee wa kanisa, mtu wa kofia na mwavuli, na hana binti mwingine. Baba yetu alifariki zamani, kwa hiyo baba mdogo alitoka nyumbani magharibi kwa gari la moshi akaja kutusemea. Maneno yakaenda vizuri, mablanketi yakapokewa. Ilibaki siku ya chai. Zamani kwetu ilikuwa siku ya pombe, lakini watu wa kanisa waliigeuza ikawa chai. Wazee wa pande zote mbili hukaa, vikombe hujazwa, halafu baba humsimamisha binti yake mbele ya wote na kumuuliza, "Chai hii tunywe?" Akisema kunyweni, ndoa imekwisha kukubaliwa. Akinyamaza, wageni hurudi walikotoka koo zikiwa kavu. Kaka yangu alikuwa akingoja tu nyapara aitaje siku hiyo. Alikuwa amekwisha kununua kitanda.

Ndipo watu wa sinema walipokuja.

Walikuja na gari kutoka Nakuru, Mzungu mmoja mwenye kamera ya miguu mitatu, karani mmoja aliyevaa shati jeupe, na kijana mmoja ambaye sisi tulimwita Msemaji kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake. Msemaji alikuwa na taulo ndogo mfukoni, na kila alipopiga hatua chache aliinama akafuta viatu. Hapa kwetu! Angefuta maji ya ziwa yasiloweshe ingekuwa kazi nyepesi zaidi. Walitaka kupiga picha ya kutufundisha usafi. Karani angekuwa Bwana Safi. Bwana Chafu walikuwa wakimtafuta, na zamu ilipotoka shimoni Msemaji alimnyooshea kaka yangu kidole.

"Huyu. Huyu hata hahitaji kuambiwa afanye nini."

Kaka yangu alikubali kwa sababu walimwahidi mkate na nyama ya kopo mchana. Ni mtu anayependa kula na hana aibu. Tulizaliwa na mama mmoja lakini aibu yote nilipewa mimi.

Nilikuwa nikishona magunia kivulini, kwa hiyo niliona kila kitu. Alipopigwa picha Bwana Safi, Mzungu aliteremsha miguu ya kamera mpaka ikawa chini ya kifua cha karani, hata kichwa cha karani kikafika mawinguni. Akaambiwa atazame mbali, kule ziwa Elmenteita, kama mtu anayefikiria mambo makubwa. Nadhani alikuwa akifikiria viatu vyake. Alipofika kaka yangu, Mzungu alipanda juu ya gari. Akampiga picha kutoka juu, utosi na mabega, kama unavyomtazama kuku. Kisha akapiga picha ya miguu yake ikikanyaga kizingiti. Kisha kinywa peke yake kikitafuna. Kila kaka yangu alipoinua uso kuwatazama alipigiwa kelele asitazame huko. Bwana Safi alitazama alikotaka.

Palikuwa na mtoto pia, wa jirani yetu, mnene, mwenye afya kuliko wote hapa laini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Katika hadithi yao mtoto huyu ni wa Bwana Chafu. Baba anamlisha kwa mkono wenye vumbi, mtoto anaugua, mke anachoka, anamchukua mtoto na kukimbilia kwa Bwana Safi kwenye sabuni. Asubuhi kaka yangu alimpa mtoto tonge la ugali. Mtoto akacheka, akafungua kinywa tena. Walipiga picha ya mkono na kinywa, basi. Mchana walitaka kilio, na mtoto hakuwa na sababu ya kulia. Msemaji akampokonya mikononi mwa mama yake na kumpeleka nyuma ya gari, mtoto akapasua sauti, nao wakapiga picha. Baadaye, tulipoitazama, mkono, kinywa na kilio vilifuatana kama shanga. Walikata pale wakaunga hapa. Fundi wa viraka akifanya hivyo, suruali inakuwa koti, na wewe unalivaa.

La mwisho lilikuwa jiwe. Bwana Chafu, baada ya kuachwa, anakaa juu ya jiwe nje ya nyumba ya Bwana Safi, ambayo kwa kweli ni nyumba ya dawa. Walitaka picha ndefu, ili Msemaji apate nafasi ya kutoa mawaidha juu yake. Gari lilikuwa limekwenda kuleta chakula, kwa hiyo safari hii kamera ilisimama chini, usawa wa macho ya mtu. Kaka yangu akakaa. Chini ya jiwe lile palikuwa na njia ya siafu. Wakapanda, wakaingia katika suruali. Alijaribu kusimama, akaambiwa akisimama wataanza upya na chakula kitachelewa. Basi akakaa. Akakaza midomo, akainamisha kichwa, akapitisha mkono gotini polepole kama mtu anayepapasa kitu kilichopotea. Macho yakamjaa maji. Mwisho akainua uso akaitazama kamera moja kwa moja, akiuliza kwa macho kama wamemaliza. Wakasema wamemaliza. Akaruka nyuma ya nyumba akavua suruali, nasi tuliokuwa karibu tulicheka, naye alicheka kuliko sote, hata gari liliporudi, mkate mkononi.

Picha ilirudi wakati wa mvua, Jumamosi mchana, ikaonyeshwa katika bohari ya magunia. Madirisha yalizibwa kwa magunia matupu. Miaka hiyo, kwa ajili ya Hali ya Hatari, hata harusi ya ngoma ilihitaji kibali, lakini kwa sinema hukuombwa kibali, uliombwa uje. Kwa hiyo kila mtu alikuja. Mwanga wa mashine ulipita juu ya vichwa vyetu mzito na mweupe, kwa vumbi letu wenyewe, ukaanguka kwenye shuka iliyotundikwa mbele. Nyapara alikaa mbele kwenye kiti, mkewe na binti yake pembeni. Msemaji alisimama na kipaza sauti, kwa sababu picha yenyewe haikuwa na sauti yoyote.

Sijapata kumchukia mtu kwa sauti yake kama nilivyomchukia yule. Kaka yangu alipotokea, alisema tumkaribishe mgeni kutoka kaburini. Alipokula, alituomba tuhesabu nzi. Mke alipotokea, alisema maskini huyu aliolewa na gunia. Wakacheka. Waliokuwa wakicheka ni akina nani? Watu wa mashimo yale yale. Walikuwa na udongo katika nyusi na ndani ya masikio, walikuwa wakikohoa udongo huo huo katikati ya kicheko, nao walikuwa wakimcheka mtu kwa kuwa na udongo. Nyapara mwenyewe nyusi zake hazijawahi kuwa nyeusi tangu nimjue. Lakini wao hawakuwa juu ya shuka. Walikuwa wamepandishwa juu ya gari pamoja na Mzungu, wanatazama utosi wa mtu, na ukishapandishwa huko unadhani umezaliwa huko.

Ikafika picha ya jiwe. Kaka yangu anakaa, anakaza midomo.

"Nyamazeni," Msemaji akasema katika kipaza sauti, kwa upole kabisa. "Sasa anataga."

Bohari ilipasuka. Watu walishikana mabega. Nyuma yangu mzee mmoja alilia kama kuku aliyetaga. Kaka yangu alikuwa amekaa karibu nami na yeye pia alicheka mpaka akakohoa. Nikamtazama binti wa nyapara. Alikuwa ameziba kinywa kwa mkono mmoja, kisha kwa yote miwili, na mabega yake yalikuwa yakiruka. Nyapara hakuwa akitazama shuka. Alikuwa akimtazama binti yake.

Wiki iliyofuata mama mmoja wa kanisa alitumwa kwetu na ujumbe kwamba siku ya chai isitajwe kwanza, mzee bado anaomba. Wazee wetu wakisema wanaomba, wamefunga mlango bila kuubamiza. Sababu ilitufikia kwa njia nyingine. Nyapara aliuliza hadharani, mwanamume anayechekwa na mwanamke kabla hajamwoa, akishamwoa atakalia nini? Na mtu akamjibu, atakalia jiwe.

Baada ya hapo watu walianza mambo ya sabuni. Tulikuta vipande vya sabuni mlangoni, vile vyembamba vilivyokwisha kutumika, kimoja hata kilikuwa na nywele za mtu. Watoto walipiga kelele za kuku. Kaka yangu aliitikia kila utani kazini, akataga alipoambiwa atage, nami sikuelewa anaweza vipi. Lakini nyumbani alianza kunawa. Alinawa mpaka viwiko kabla ya kugusa mlango. Alinawa kabla ya kula, na akila alijitenga na sahani yetu, akala peke yake kwenye kifuniko cha sufuria. Mama yetu alivumilia kwa muda. Jioni moja aliweka mwiko chini akamuuliza.

"Hata wewe umewaamini?"

Kaka yangu alitazama mikono yake. Kitanda alichonunua kilikuwa kimesimamishwa ukutani, bado kimefungwa kamba.

Kiangazi kikaja, na gari la sinema likafanya mzunguko wake likaturudia. Kaka yangu hakutaka kwenda. Mama akasema akibaki nyumbani watasema amejificha, afadhali wamwone amekaa. Tukakaa karibu na mlango. Bohari ilikuwa imejaa kuliko mara ya kwanza, kwa maana watu walikuja kucheka, na wengine walikuwa wameleta jamaa zao kutoka Gilgil wawaonyeshe mtu wetu anayetaga. Nyapara kwenye kiti chake, familia yake pembeni, kama kanisani.

Msemaji akashika kipaza sauti, kikatoa mlio kama wa panya, kisha harufu ya kuungua. Akakitikisa. Akakiweka chini akaanza kupaza sauti yake mwenyewe. Kiangazi vumbi letu halina mchezo. Alisema sentensi mbili hivi, ya tatu ikamkwama, akakohoa, akakohoa tena, akatoa taulo ya viatu akajiziba kinywa na kutoka nje. Mashine ikaendelea bila yeye.

Mwanzoni walicheka kwa kukumbuka. Mtu mmoja alisema habari ya mgeni kutoka kaburini, lakini bila kipaza sauti maneno yale yalikuwa madogo, yakaanguka karibu na miguu yake. Kisha pakawa kimya, ila mashine ikitoa sauti kama cherehani. Tonge, kinywa, kilio. Hakuna aliyecheka. Mke anaondoka na mtoto. Mtu anatoka shimoni mweupe, anafika nyumbani, hakuna mtu. Na baada ya hapo jiwe.

Ilikuwa picha ndefu. Mara ya kwanza sikujua ni ndefu hivyo, ilikuwa imejazwa mayai. Sasa mtu alikaa tu. Akakaza midomo. Akainamisha kichwa, mkono ukapapasa goti. Macho yakajaa. Halafu akainua uso akatutazama, na kamera ikiwa pale chini usawa wetu, kila mmoja alidhani anatazamwa yeye.

"Maskini," mwanamke mmoja akasema gizani.

Wakaanza kupenga kamasi. Nilisikia bohari nzima ikipenga kamasi. Nyapara alivua kofia. Mzee yule aliyelia kama kuku alikuwa akifuta uso kwa mkono wa koti na kunong'ona kwamba dunia haina huruma. Nami nilijua kwamba wanachokililia ni siafu. Siafu na nyama ya kopo iliyochelewa! Walicheka walipoambiwa wacheke, na walipokosa wa kuwaambia, kamera ikawaambia. Kama gunia: ukilijaza mahindi ni la mahindi, ukilijaza udongo ni la udongo, nalo linasimama wima kwa majivuno vilevile. Nilipowadharau kwa kucheka, nilikuwa bado nina matumaini nao. Machozi ndiyo yaliyonimalizia.

Jumapili, baada ya ibada, nyapara alikuja kwetu na mwavuli wake, ingawa hapakuwa na wingu. Alikaa, akakataa maji, akasema alichokuja kusema kana kwamba anasoma kitabuni. Kwamba Mungu humwonyesha mtu mambo kwa njia nyingi. Kwamba alimwona kijana wetu pale juu ya jiwe, akaona uchungu wa mwanamume aliyepoteza nyumba na hakupiga kelele. Mtu wa namna hiyo, alisema, anaweza kutunza binti wa mtu. Siku ya chai akaitaja hapo hapo.

Kaka yangu alifungua kinywa. Nikaona siafu wote wamekuja kwenye ncha ya ulimi wake. Mama akamtazama. Kaka yangu akajikuna paja, akasema, "Asante, mzee."

Alipoondoka nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Kwangu hilo lilikuwa swali refu. Alikuwa tayari anafungua kamba za kile kitanda. Akasema, "Waliponicheka bure sikuwakosoa. Sasa wananipenda bure, ndio niwakosoe?"

Siku ya chai baba mdogo alikuja tena kwa gari la moshi. Tulikaa katika nyumba ya nyapara, wazee upande huu na wazee upande ule, mimi karibu na mlango. Vikombe vikajazwa. Nyapara akasimama, na badala ya kuuliza akaanza na jiwe. Alieleza upya jinsi lilivyomgusa. Wazee wake walitikisa vichwa, na yule mama wa kanisa, ambaye mguu wake ndio ulioleta ule ujumbe wa maombi, akatoa leso. Chai ikawa inapoa. Niliangalia utando ukifunika maziwa katika kikombe changu, nikafikiri kwamba kama watu hawa ndio watakaokuwa wakwe zetu, afadhali kaka yangu angekula kwenye kifuniko cha sufuria maisha yake yote.

Mwishowe akamwita binti yake, akamsimamisha mbele yetu.

"Chai hii tunywe?"

Binti alitazama vikombe, kisha akamtazama baba yake.

"Kunyweni, baba," akasema. "Lakini habari ya jiwe iacheni. Alikuwa akiumwa na siafu. Aliniambia jioni ile ile waliyompiga picha, na siku ile kwenye bohari nilikuwa nikiwangoja siafu wapande. Ndiyo maana nilicheka."

Miezi yote hiyo nilikuwa nimemweka fungu moja na wale wengine. Hakuna aliyesogeza kikombe. Mama wa kanisa alibaki na leso yake hewani, hajui aipeleke wapi. Kaka yangu aliinamisha kichwa na kukaza midomo, na kwa kweli alifanana sana na ile picha.

Nyapara alikaa chini polepole.

"Walikuwa wengi?" akamuuliza kaka yangu.

"Wengi, mzee."

"Na hukusimama."

"Sikusimama."

"Basi," nyapara akasema, akachukua kikombe chake akanywa, na wazee wake wote wakachukua vya kwao wakanywa nyuma yake.

Siku hizi anawasimulia watu kanisani kwamba mkwe wake aliliwa na siafu wa jiwe zima na hakutikisika, na nasikia wanaosimuliwa wanapangusa macho. Lile gari la sinema liko upande wa Njoro. Sijui kama wamepata kipaza sauti kingine.